Usingizi Aliouacha Kibugu

Alifika Ijumaa saa nane mchana, amekumbatia mto wa kulalia kifuani. Pikapu ya jirani yetu Muchangi ilimshusha langoni kwa Cucu, nyanya yangu, na kabla sijauliza lolote Muchangi alinipungia mkono haraka haraka, kama mtu aliyetua mzigo asioufahamu vizuri, akaenda zake. Mimi nilikuwa nimetoka shambani, kikapu cha majani chai kiko mgongoni, vidole vimekuwa vyeusi kwa utomvu. Yule mzee aliniangalia, akaangalia msitu ulioko juu yetu, akaangalia paa la nyumba.

"Hapa si ni kwa Gachoki?"

"Ni kwake. Lakini Guka, babu yangu, alifariki, huu ni mwaka wa nne."

"Nilisikia." Alivuta pumzi. "Mwambie mama wa nyumba kwamba Nthiga wa Kiambere amefika. Kuna usingizi niliuacha hapa mwaka wa themanini na sita. Nimekuja kuutafuta."

Nikatua kikapu. Wakati huo nilikuwa na miezi mitatu tangu nihitimu uuguzi katika chuo cha Nchiru, kule Meru, na bado nilikuwa na ile bidii ya mtu ambaye kazi haijamchosha: sikuweza kumtazama mtu akitembea bila kumhesabia pumzi. Huyu alipumua juu juu. Kifungo cha kwanza cha shati kilikuwa wazi, na chini yake niliona kovu jipya linaloshuka katikati ya kifua. Hapo nikauelewa ule mto. Wagonjwa waliopasuliwa moyo huambiwa waukumbatie wakikohoa au wakiinuka, ili mfupa wa kifua usivutwe kabla haujaunga.

"Umepasuliwa lini, mzee?"

"Hii ni wiki ya tano. Nairobi. Wameniwekea mlango wa chuma kwenye moyo. Kuja karibu usikie."

Nikasogea. Ilitoka ndani yake sauti ndogo, kavu, kama ya saa ya mkononi. Tik. Tik. Tik.

"Mchana tunaelewana," alisema. "Ikifika usiku, huo mlango unanihubiria mpaka kuche."

Cucu Wambeti alitokea jikoni akijipangusa mikono kwa leso. Alisimama, akakunja macho, kisha akapiga kofi moja kubwa.

"Nthiga! Si wewe ulilala kitandani kwangu mpaka nikadhani Gachoki ameniletea maiti?"

"Wambeti, usinichekeshe," mzee alisema, akiubana mto kifuani. "Nitashonoka."

Kisa chenyewe nilikuwa nimekisikia tangu utotoni, ila sikuwahi kujua kina mtu wa kweli ndani yake. Cucu alikuwa bi harusi wa miezi miwili. Guka alikuwa akifanya kazi kwenye ujenzi wa bwawa la Kiambere, huko chini kwenye joto, na Jumamosi moja alikuja nyumbani na rafiki. Rafiki alikula, akaoneshwa kitanda, akalala saa tisa mchana. Mvua ikanyesha, ikakatika, ikanyesha tena. Watu wakaenda kanisani Jumapili, wakarudi. Cucu alikuwa amempikia mara tatu na mara tatu chakula kimeliwa na wengine. Mgeni aliamka saa saba mchana, akauliza kama ni Jumamosi bado.

"Ulikuwa usingizi wa mvua kwenye mabati," Mzee Nthiga alisema. "Tangu siku hiyo sijaupata tena. Nikafikiri, labda uko hapo hapo."

Cucu akaniangalia, nami nikaangalia juu. Miaka miwili iliyopita mjomba wangu alikuwa ameweka dari ya mbao nyumba nzima. Mvua ikinyesha siku hizi, lazima utoke nje ndipo ujue.

Simu ya mzee ilikuwa ikilia mfukoni kwa muda. Alinipa niipokee. Alikuwa binti yake, Rwamba, akilia na kufoka kwa pamoja. Walikuwa wamekuja hospitali ya Embu kupimwa damu. Alikuwa amemwacha babake kwenye benchi, akaenda kupanga foleni ya dawa, na aliporudi akakuta benchi tupu.

"Nani amechukua baba yangu?"

"Hakuna aliyemchukua, dada. Anasema alimsikia jirani yetu akipakia mbolea akitaja Kibugu, huku kwetu, akaomba lifti."

"Kibugu! Mungu wangu." Alivuta kamasi. "Sikiza. Huyo mzee halali. Wiki tano anakesha kwenye kiti. Daktari amesema bila usingizi mwili utapona vibaya, na moyo wenyewe utachoka. Na sasa ameanza kusema ataacha zile dawa za kuzuia damu isigande. Ati ndizo zinaupa huo mlango nguvu ya kugonga."

Mtu mwenye vali ya chuma akiacha dawa hizo, damu inaweza kuganda juu ya vali siku yoyote. Huo ungekuwa mwisho wake.

"Niachie mpaka Ijumaa ijayo, siku ya kliniki," nilisema. "Mimi ni muuguzi."

"Wa hospitali gani?"

"Bado nangojea kazi."

Akacheka, kicheko cha mtu aliyechoka sana. "Haya, Sista wa kungojea. Jaribu. Mimi nimejaribu nikashindwa." Jioni hiyo dawa zilifika, kwa pikapu ile ile ya Muchangi.

Kusema kweli sikuwa wa kungojea sana. Jumatano iliyofuata, saa tano asubuhi, niliitwa Meru kwa mahojiano. Kulikuwa na hospitali moja iliyokuwa ikifungua wadi ya wagonjwa wa moyo, na ilitafuta wauguzi wapya watatu. Barua niliisoma mpaka ikachakaa kwenye mikunjo. Nilitaka kazi hiyo kwa namna ambayo siku hizi nikiikumbuka naona haya kidogo, na wivu kidogo.

Nilianza na yale niliyofundishwa. Nilitafuta daftari, nikaandika saa anayolala, saa anayoamka, anachokunywa. Nilimpangia mito mitatu ili kifua kiinuke. Dawa ya maumivu nikampa nusu saa kabla ya kulala badala ya kungoja aanze kuugulia. Asubuhi nilimtoa nje kwenye jua, tukatembea polepole hadi mwisho wa shamba na kurudi. Usingizi wa mchana nikaufupisha. Kisha nikagusa nilichopaswa kukigusa kwa uangalifu zaidi.

"Chai mwisho saa sita," nilitangaza.

Cucu aliweka birika chini. "Umesema nini?"

"Chai inamnyima usingizi, Cucu. Jana amekunywa vikombe kumi na kimoja. Nimeandika."

"Ruguru. Hii chai ndiyo ilikupeleka Nchiru. Miaka minne! Na sasa unarudi kunifundisha kwamba ni sumu?"

"Sijasema sumu."

"Mgeni akija nimpe nini? Maji ya bomba?"

"Uji wa wimbi."

"Uji jioni," Cucu aliuambia ukuta. "Watasema Wambeti amefilisika."

Na wageni walikuwa wengi. Kwetu mtu akitoka hospitali haachwi. Jumamosi walikuja majirani kumi na wawili, kila mmoja na sukari au unga, na kila mmoja alitaka kuona. Mzee Nthiga alifungua vifungo na kufunga, akasimulia Nairobi tangu mwanzo, na walimtegea masikio kifuani mmoja mmoja wasikie ule mlango. Jumapili walikuja akina mama wa kanisa saa kumi na moja jioni, wakaimba nyimbo saba na kumwombea alale vyema, kwa sauti ya kuamsha msitu mzima. Walipoondoka ilikuwa saa mbili, na macho yake yalikuwa yamefunguka kama ya bundi.

"Wameniombea vizuri sana," alisema. "Sasa nitalala lini?"

Jumatatu niliandika kwenye kadibodi, nikatundika langoni: *Mgonjwa anaonwa saa nne hadi saa saba.* Cucu alipita pale mara tatu bila kuisoma, kwa makusudi. Lakini jirani mmoja alipokuja saa tisa, nilimsikia akimwambia, "Rudi kesho asubuhi, mama. Hapa siku hizi tuna serikali."

Cucu alileta pia redio yake, akasema sauti yake itafunika ule mlango. Ilikuwa wazo zuri. Bahati mbaya saa tatu usiku redio hiyo husoma matangazo ya vifo, na mzee aliyasikiliza yote akisema, "Huyo nilimjua," "Huyo nilisikia anaugua," mpaka nikaizima.

Hata hivyo daftari lilionesha nafuu. Usiku wa kwanza alilala kwa saa moja tu. Usiku wa tatu, saa mbili na nusu, vipande vipande. Maumivu yalipungua. Miguu haikuvimba. Lakini kila alipotaka kuzama alishtuka, akaweka mkono kifuani, akasikiliza.

Jumatatu hiyo tulipokuwa tukitembea kati ya michai nilimuuliza swali ambalo mwalimu wetu alisisitiza tuulize kwanza, nami nilikuwa nimelisahau kwa wingi wa mipango yangu: zamani, kabla ya ugonjwa, ulikuwa ukilala namna gani?

Alisimama. Alikuwa anapenda kusimama pale ambapo unaona chini, nyanda za Mbeere zikiwa zimelala kwenye ukungu wa joto.

"Kule bwawani, mimi na babu yako tulipanga chumba kimoja kwa mjane mmoja pale sokoni. Kitanda kimoja. Gachoki alikuwa zamu ya mchana kwenye handaki, mimi zamu ya usiku. Akiamka, mimi nalala. Nikiamka, yeye analala. Miaka miwili kile kitanda hakikupoa."

"Mlikuwa mnaonana lini?"

"Dakika kumi asubuhi, dakika kumi jioni. Nilijua viatu vyake kuliko uso wake. Aliniachia nusu chapati chini ya mto, nami nilimwachia ndizi. Mara nyingine nilisahau nikailalia." Alicheka kwa tahadhari. "Lakini tulikuwa na sheria. Anayetoka kazini ndiye humwamsha mwenzake, kwa mkono wake mwenyewe. Hatumi mtu. Na haondoki mpaka mwenzake akanyage sakafu kwa miguu yote miwili."

Nilipokuwa msichana wa shule, Guka ndiye aliyeniamsha. Hakuita. Aliingia na kikombe, akakiweka kwenye kigoda, akasimama hapo mlangoni bila neno hadi nyayo zangu zote mbili ziguse sakafu baridi. Ndipo alipokwenda kukamua. Miaka yote nilidhani ni ukali.

"Siku moja alichelewa handakini," mzee aliendelea, "akamtuma fundi mmoja aje aniamshe. Fundi akapitia kilabuni. Nikakosa zamu, nikasimamishwa siku tatu. Unajua Gachoki alifanya nini? Alikaa ndani siku tatu pamoja nami. Hakuna aliyemwambia. Hakutuma mtu tena."

"Na ulikuwa unalala kweli, mchana, na joto lile?"

"Kama jiwe! Baruti zinalipuka mlimani, mimi nimelala. Kwa nini nisilale? Nilijua kuna mtu anakuja."

Nadhani hapo tulikiona kitu kile kile kwa wakati mmoja. Haukuwa usingizi wa mvua, wala wa mabati. Siku ile ya mwaka wa themanini na sita Gachoki alikuwa kwenye nyumba hiyo hiyo, na zamu ya kumwamsha ilikuwa yake.

"Mzee," nilisema, "huo mlango wa chuma, ni kelele yake inayokusumbua?"

Alifikiri sana. "Hapana," alisema mwishowe, kwa sauti ya chini. "Naungoja usimame. Nikilala, nani atasikia ukisimama?"

Wiki tano mtu huyo alikuwa amejilinda mwenyewe, peke yake, kwa masikio yake.

Nilimweleza, polepole, kwamba sauti ile ni ya vali inayofanya kazi, na kwamba dawa anazotaka kuziacha ndizo zinazoifanya iendelee kufunguka na kufunga. Alisikiliza kwa heshima, kama mtu anayesikiliza mahubiri mazuri ya dhehebu lingine. Basi nikasema lile lililobaki.

"Nipe mimi zamu. Lala, mimi nitasikiliza. Ukifungua macho utanikuta."

"Wewe mwenyewe? Hutumi mtu?"

"Situmi."

Usiku huo niliweka kiti karibu na kitanda, nikajifunika blanketi. Aliamka mara tano. "Sista?" "Nipo." "Bado unapiga?" "Unapiga vizuri. Lala." Daftari: usingizi wa saa nne. Asubuhi alimeza dawa zake zote bila mimi kusema, akaomba yai la pili.

Jumanne jioni, akishajilaza kwenye mito yake, alinikumbusha. "Kesho si ni Meru?"

"Muchangi ananichukua saa kumi na mbili na nusu. Wewe huwa macho saa kumi na moja."

"Na nisipoamka?"

Nilicheka. Sikuwa na sababu ya kufikiri. "Basi utanikuta hapa, mzee. Si tulikubaliana?"

"Haya," alisema, akafumba macho.

Kulipopambazuka nilikuwa bado kwenye kiti, shingo imekaza. Nilitazama simu: saa kumi na moja na nusu. Usiku kucha hakuwa ameniita hata mara moja. Nilishtuka, nikamwinamia. Tik, tik, tik. Kifua kilipanda na kushuka, kirefu, taratibu, mdomo umeachama kidogo. Uso wake ulikuwa umelegea, na kwa mara ya kwanza nilimwona kijana aliyekuwa akilalia nusu chapati.

Nikavaa sketi yangu nyeusi na blauzi nyeupe hapo hapo nyuma ya mlango, nikiwa nimemwelekea. Saa kumi na mbili. Saa kumi na mbili na robo. Cucu aliingia kwa vidole vya miguu, akaniona nimevaa na nimekaa.

"Gari linakuja," alinong'ona. "Nenda. Mimi nitakaa hapa."

"Nilimwambia mimi."

"Ruguru, mtu akiamka anatazama kama kuna mtu. Mimi si mtu?"

"Alisema nisitume."

Akamtazama yule aliyelala. Sijui aliona nini. Yeye alikuwa mke wa mtu aliyekaa ndani siku tatu.

"Basi muamshe," alisema, lakini kwa udhaifu.

Niliufikiria huo mkono wangu ukimgusa bega. Ningeweza. Angeamka, angeniambia asante, angeniombea safari njema, na usiku uliofuata angeanza tena kuwa mlinzi. Wiki tano na siku tano alikuwa ameutafuta usingizi huu. Sikuweza kuwa mtu wa kuukata.

Pikapu ilisimama langoni. Cucu alitoka mbio kabla honi haijapigwa. Kwenye pengo la pazia nilimwona Muchangi akitazama saa, akikuna kichwa, akinitafuta dirishani kwa macho. Aliningoja robo saa nzima, Mungu ambariki, na yeye alikuwa na mzigo wake wa kufikisha Chuka. Kisha nikasikia gari likishuka mteremko, likibadilisha gia kwenye kona, na kisha sikulisikia tena.

Saa mbili nilitoka hatua tatu tu, hadi kwenye korido ambapo bado nilimwona, nikapiga simu Meru. Nilieleza kwa sauti ya chini. Mama aliyepokea alikuwa na upole, na upole wake ulinifanya nijue jibu. Orodha ilikuwa imefungwa. Hakukuwa na siku nyingine. Angeweka jina langu mahali, kama kungetokea nafasi.

Haikutokea. Ilinichukua miezi tisa zaidi kupata kazi, na haikuwa wadi ya moyo. Sitasema kwamba sikulia. Nililia kidogo pale pale kwenye korido, nikajipangusa kwa mkono wa blauzi nyeupe, nikarudi kwenye kiti.

Jua lilipanda likaingia kwenye pazia. Nje Cucu alimfukuza kuku kwa kunong'ona. Wageni wawili walikuja kabla ya saa nne na nikamsikia akiwakaribisha jikoni, akiwapa uji.

Saa tatu na dakika arobaini Mzee Nthiga alivuta pumzi ndefu, akafungua macho. Hakuweka mkono kifuani. Aligeuza kichwa.

"Sista?"

"Nipo."

Alitazama mwanga uliojaa chumbani, kisha blauzi yangu, kisha viatu vyangu vya safari. Nilimwona akihesabu.

"Meru?"

"Umelala kwa saa kumi na mbili na nusu," nilimwambia, nikaandika kwenye daftari. "Hebu nikusaidie uinuke."